Imani Isiyo na Mlango wa Kutokea

Leo nataka tuzungumze juu ya Shakahola, ingawa najua wengi wamechoka kulisikia jina hilo. Makaburi ya huko yalianza kufukuliwa tarehe 21 Aprili 2023, katika msitu ulioko bara ya Malindi, upande wa Magarini, katika kaunti yetu ya Kilifi, kwenye shamba la ekari zipatazo 800. Kazi hiyo ilipofika mwisho, miili iliyotolewa ardhini ilikuwa imepita 400. Mkuu wa wachunguzi wa maiti wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, alieleza kuwa wengi walikufa kwa njaa, lakini wako waliokutwa na dalili za kunyongwa, za kuzibwa pumzi na za kupigwa. Mwanzoni mwa 2024 Paul Nthenge Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International, alifikishwa mahakamani pamoja na washtakiwa wengine wengi. Mashtaka yalikuwa ya ugaidi, ya kuua bila kukusudia watu 238 na ya mauaji ya watoto 191. Wote walikana. Kuamua nani ana hatia ya vifo hivyo ni kazi ya mahakama, nami sitaifanya hapa. Swali langu ni jingine, na ni letu sote: ilikuwaje mzazi akafikishwa mahali pa kumnyima mwanawe chakula huku akiamini anamtendea mema?

Jibu linalosikika upesi ni kwamba watu wale walitiwa kasumba na mhubiri mwenye ulimi mtamu. Jibu hilo halinitoshi. Wenye ulimi mtamu ni wengi katika nchi hii, kuanzia wanasiasa hadi madalali wa mashamba, na bado hatuoni watu wakijilaza chini ya miti wafe kwa ajili yao. Nitaitaja hoja yangu mapema ili uipime ninapoendelea. Utii ule haukujengwa na mahubiri peke yake. Ulijengwa kwa kufungwa, mmoja baada ya mwingine, milango yote ambayo muumini angeweza kutokea, na chakula kilikuwa mlango wa mwisho. Kwa hiyo tunapotaka kujua kama imani fulani imegeuzwa chombo cha kuwatawala watu, tusianze kwa kuuliza inafundisha nini juu ya mbingu. Tuulize kwanza kama muumini wake anaweza kuondoka kesho akiwa mzima, pamoja na watoto wake na mali yake.

Tufuate jinsi mambo yalivyokwenda. Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa mwaka wa 2003. Kwa miaka mingi lilikuwa kanisa la mjini Malindi, lenye jengo lake na ibada zake, na mahubiri yake yalirushwa kwenye televisheni na mitandaoni. Ndiyo sababu wafuasi walitoka pembe nyingi za Kenya, wengi wao wakiwa si wenyeji wa Kilifi hata kidogo. Mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa shule. Mwaka wa 2017 alikamatwa, na watoto wakaondolewa kanisani kwake, kwa sababu alikuwa akihubiri kwamba elimu ya shule ni uovu. Mtoto asiyekwenda shule hana mwalimu wa kuita jina lake asubuhi, wala hana wa kugundua kwamba amekonda au hajaonekana kwa wiki nzima. Ikafuata hospitali. Mama asiyekwenda kliniki hana muuguzi wa kumpima mtoto uzito na kuuliza kwa nini umepungua. Mwaka wa 2019 serikali ilipoleta Huduma Namba, mpango wa nambari moja ya utambulisho, Mackenzie alihubiri kwamba hiyo ndiyo alama ya mnyama iliyotajwa katika Ufunuo, na akakamatwa tena. Katika Kenya ya leo asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui M-Pesa wala haajiriwi kazi ya mshahara. Mwaka huohuo akatangaza kulifunga kanisa la Malindi. Waumini wakaanza kuhamia Shakahola, wakauziwa vipande vya ardhi katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia kama Galilaya, Bethlehemu na Yudea. Aliyeacha kazi na kuuza vitu vyake ili anunue kipande msituni hana tena pa kurudi, na ndugu aliowaaga kwa maneno makali anaona haya kuwapigia simu, kama simu bado anayo.

Hapo ndipo ilipokuja amri ya kufunga saumu. Kwa maelezo ya walionusurika na ya upande wa mashtaka, mpango ulikuwa watoto watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume, na viongozi wawe wa mwisho. Upande wa mashtaka umedai pia kwamba palikuwa na walinzi waliozuia watu kutoroka. Sasa rudi kwenye ile ripoti ya wachunguzi wa maiti. Kama mahubiri yangetosha, nani angehitaji kunyongwa? Kama kila aliyelala chini alitaka kufa, walinzi wangekuwa na kazi gani? Kila shingo iliyokutwa na alama inatuambia kwamba mwilini mwa yule mtu palikuwa na kitu kilichokataa, na kwamba penye kukataa, mkono wa mtu ulikuja kumalizia pale neno lilipokwama. Tunapowaita wote waliokufa wafuasi waliojitolea tunawadhulumu mara ya pili, hasa watoto, ambao hawakuchagua kanisa wala msitu.

Watu wazima hawafungi milango yao bure, na hili linahitaji kusemwa kwa uaminifu. Kila kilichokataliwa pale Shakahola kilikuwa na doa la kweli ambalo mhubiri angeweza kulionyesha kwa kidole. Mzazi aliyeambiwa shule haina faida amewaona vijana wa kijiji chake wenye vyeti wakiendesha boda boda au wakikaa kwenye vibaraza bila kazi. Aliyeambiwa asiende hospitali amewahi kupanga foleni tangu alfajiri, kisha akaandikiwa dawa akanunue mwenyewe dukani. Aliyeambiwa Huduma Namba ni mtego alikuwa na wenzake wengi, maana Wakenya wasiokuwa na habari na Mackenzie nao waliitilia shaka, na Januari 2020 Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo hadi sheria ya kulinda taarifa za watu iwekwe sawasawa. Na aliyeahidiwa kipande cha ardhi katika pwani hii, ambako familia zimeishi vizazi kwa vizazi kama maskwota kwenye ardhi ya babu zao, aliahidiwa kitu ambacho serikali kadhaa zimeshindwa kumpa. Uongo mkubwa ulipanda juu ya malalamiko ya haki. Tukitaka kuwalinda watu dhidi ya wahubiri wa aina hii, sehemu ya kazi haina uhusiano wowote na dini: ni dawa zilizoko kwenye zahanati, ni karo, ni hatimiliki.

Najua atakayenijibu kwamba haya yote ni matokeo ya ujinga na umaskini, na kwamba mtu aliyesoma hanaswi. Nakubali kwamba umaskini unarahisisha kazi ya mtawala wa roho. Lakini Shakahola haikujaa watu wasiojua kusoma. Palikuwa na watu wenye vyeti na ajira zilizowahi kuonewa wivu, wakaziacha. Na tukivuka mpaka kidogo, tunakutana na Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako hoja ya ujinga inaanguka kabisa. Vuguvugu la kurejesha Amri Kumi za Mungu liliongozwa na Joseph Kibwetere, mtu aliyewahi kuwa mwalimu na kushiriki siasa, na Credonia Mwerinde, mwanamke aliyedai kutokewa na Bikira Maria. Pembeni yao alikuwa Dominic Kataribabo, padre Mkatoliki aliyesoma hadi Marekani. Elimu ya dini ilikuwepo mezani, tena ya ngazi ya juu, na haikumwokoa mtu. Ilifanya kinyume chake: uwepo wa msomi uliwapa wafuasi sababu ya kuzima mashaka yao, wakijiambia kwamba kama padre msomi ameamini, wao ni nani?

Kanungu inatufundisha jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, nalo ni namna utawala wa aina hii unavyoanguka. Viongozi wale walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwisho wa mwaka wa 1999. Watu waliuza mali zao na kukabidhi fedha. Tarehe 1 Januari 2000 jua likachomoza kama kawaida, na baada ya hapo, inaelezwa, manung'uniko yakaanza, wengine wakitaka mali yao irudishwe. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa misumari. Siku zilizofuata, miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba zilizohusiana na kundi hilo, watu waliouawa kabla ya moto, na hesabu yote ikapita 700. Utabiri uliposhindwa, muumini alianza kurudiwa na akili yake, akauliza swali la kawaida kabisa la binadamu aliyedhulumiwa: mali yangu iko wapi? Na swali hilo lilikuja kabla ya moto, halikuja baada yake.

Jambo kama hilo lilitokea mbali na hapa, Jonestown, nchini Guyana, Novemba 1978. Mbunge wa Marekani, Leo Ryan, alikwenda kuitembelea jamii iliyoongozwa na Jim Jones kwa sababu ndugu za wafuasi walikuwa wamelalamika. Alipokuwa akiondoka, baadhi ya wakazi waliomba kwenda naye. Mbunge akapigwa risasi kwenye kiwanja cha ndege, na siku hiyohiyo watu zaidi ya 900 wakafa, wengi kwa sumu, watoto wakiwa wa kwanza. Utawala wa roho haufi polepole kama moto wa kuni mbichi. Saa ambayo mlango unafunguliwa, hata kwa watu wachache tu, ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa sababu kiongozi anajua kwamba wakitoka wachache, waliobaki watauliza mbona wao wamebaki. Nalisema hili kwa ajili ya polisi, machifu na maafisa wa watoto wa kaunti hii. Ukimshika kiongozi na kuwaacha wafuasi wake msituni, hujamaliza kazi. Huenda ndio kwanza umeianzisha hatari.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Sheria ya kumlazimisha mzazi ampeleke mtoto shule ilikuwepo tangu 2013, na Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuwepo pia. Mackenzie alikuwa amepita mikononi mwa dola mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2019. Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na watoto wawili waliosemekana kufa njaa na kuzikwa msituni, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Ilikuwa katikati ya Aprili ndipo polisi walipoingia Shakahola na kuwakuta watu waliokonda hadi kushindwa kusimama, baadhi yao wakifa njiani kupelekwa hospitali. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu zote zilionyesha kwamba taarifa zilikuwa zimefika kwa wahusika na hazikushughulikiwa inavyostahili. Waliopiga kelele walikuwa ndugu wa waliopotea, wafuasi waliojiondoa, majirani na watetezi wa haki wa Malindi. Msalaba Mwekundu ulipofungua meza ya kutafuta waliopotea, majina yaliyoandikishwa yalipita 600. Nyuma ya kila jina palikuwa na mtu wa nyumbani ambaye hakuchoka kuuliza. Kilichouangusha utawala wa Shakahola hakikuwa mjadala wa Maandiko. Kilikuwa ni kina mama, kina kaka na mashangazi waliokataa kuambiwa kwamba jamaa yao ameamua mwenyewe na waachane naye.

Na baada ya kuokolewa? Hapa ndipo dola ilipokosea kwa namna inayoniuma. Juni 2023 watu 65 walioondolewa msituni wakiwa hai walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua kwa sababu walikuwa wakikataa kula kwenye kituo walikohifadhiwa. Makaburi yamefukuliwa, kiongozi yuko rumande, na bado mtu anasukuma sahani pembeni. Wengine waliona huo ni ukaidi. Mimi naona ni ushahidi kwamba imani iliyofungiwa ndani haianguki siku jengo lake linapoanguka. Mtu aliyempoteza mtoto kwa kuamini kwamba anampeleka kwa Yesu anajua ndani kwa ndani nini kinamsubiri siku atakapokiri kwamba ulikuwa uongo. Siku hiyo atakuwa mzazi aliyemnyima mwanawe uji. Kuendelea kuamini kunamkinga na ujuzi huo, na si ajabu akashikilia. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari wa akili, anahitaji viongozi wa dini wenye subira, anahitaji muda mrefu na ndugu wasiomcheka. Kumsomea mashtaka ni kumthibitishia alichohubiriwa, kwamba serikali ni adui. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ni mwema, ila kwa wale 65 ulichelewa.

Viongozi wengi wa dini, kwa nia njema, wamesema kwamba yaliyotokea si dini, ni uhalifu tu. Ninawaelewa. Muumini wa kweli anaona kinyaa kuwekwa kapu moja na Shakahola. Lakini jibu hilo linatufungia uchunguzi mapema mno. Biblia iliyosomwa msituni ndiyo inayosomwa kila Jumapili, na maneno ya utii kwa mtumishi wa Mungu yanasikika katika makanisa yenye vyeti vyote vya usajili. Muumini anayeambiwa kwamba kumhoji mchungaji ni kumhoji Mungu, na kwamba asipotoa sadaka atalaaniwa, ameshaonyeshwa jinsi mlango unavyofungwa hata kama hajafikishwa msituni. Wala jambo hili si la Wakristo pekee. Kwa hiyo nisingependa tuseme haikuwa dini. Afadhali tuonyeshe ni wapi ilipotupa breki ambazo dini zenyewe ziliweka.

Chukua kufunga, maana ndiko kulikotumika kama silaha. Waislamu wa pwani hii wanafunga Ramadhani kila mwaka, na jua linapotua wanafuturu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, msafiri ana ruhusa, mwenye mimba au anayenyonyesha anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa, na mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kabisa. Wakatoliki na Waanglikana wana Kwaresima, na Kwaresima ina Pasaka yake. Saumu hizi zilizodumu miongoni mwetu zina mwisho unaojulikana, na zina orodha ya wasioguswa, na wa kwanza katika orodha hiyo ni mtoto na mgonjwa. Pale Shakahola, kwa yale yaliyoelezwa, mtoto alitangulizwa na saumu haikuwa na futari. Mtu hahitaji shahada ya theolojia kuiona tofauti hiyo. Bibi yeyote wa hapa Kaloleni, awe ni wa msikitini, wa kanisani au wa mizimu ya kaya, angeiona, lau angefika pale na kuruhusiwa kuuliza.

Linakuja pingamizi la upande mwingine: basi serikali na ifunge makanisa haya yote ya vichochoroni, iwatake wahubiri wawe na vyeti. Rwanda ilifanya hivyo mwaka wa 2018, ikafunga maelfu ya nyumba za ibada na kuwataka wahubiri wawe na elimu ya theolojia. Kenya ilijaribu kuweka kanuni kali mwanzoni mwa 2016, viongozi wa dini wakapinga, zikaondolewa. Baada ya Shakahola kiliundwa kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, kikakabidhi ripoti yake Julai 2024. Sipingi usajili. Anayekusanya fedha za umma na kulea watoto wa watu lazima ajulikane anakaa wapi na hesabu zake zikaguliwe. Ninachopinga ni kuamini kwamba cheti kitatuokoa. Padre wa Kanungu alikuwa nacho. Na kanisa la Mackenzie halikuwa la siri. Lilikuwa na jengo na matangazo ya televisheni, na watu wakafa baada ya kulifunga jengo hilo, si kabla.

Wenyeji wa Kaloleni wana sababu ya pekee ya kuogopa serikali inayodhani imani huvunjwa kwa nguvu. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama wakala viapo vya kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa. Waingereza wakaona chanzo cha ukaidi ni Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, na Agosti 1914 wakailipua kwa baruti. Walichopata ni vita, na imani waliyotaka kuizika haikuzikika. Mwaka wa 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwemo kwa jina la Kaya Giriama, iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Naitaja historia hii pia kwa sababu inanilazimisha kuwa mkweli. Kiapo kile nacho kilitumia hofu ya kiroho kuwaunganisha watu. Imani inaweza kuwa chombo cha kumpinga dhalimu kama inavyoweza kuwa chombo cha dhalimu mwenyewe, na serikali inayopiga marufuku kwa pupa haitajua imepiga kipi.

Wala mhubiri wa msituni si wa pekee katika kaunti hii kutumia mambo ya roho kufikia mambo ya dunia. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wameuawa kwa panga wakiitwa wachawi, mara nyingi kosa lao la wazi likiwa ni mvi na macho mekundu, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo vijana wanataka kuligawa au kuliuza. Kule Kaya Godoma, Ganze, wazee waliotishiwa wamelazimika kukimbilia hifadhi, wakiacha nyumba walizozijenga wenyewe. Tofauti na Shakahola ni kubwa. Lakini mzee aliyetajwa kuwa mchawi naye amefungiwa milango: hakuna ushahidi unaoweza kumsafisha, kila anachosema kinageuzwa kuwa dalili ya uchawi wake, na atakayemtetea anajiweka hatarini kuitwa mshirika wake. Wanaokasirishwa na Mackenzie huku wakinyamaza jirani yao anapotishwa hivyo, wanapaswa kujiuliza hasira yao inasimama juu ya nini.

Kama kuna aliyedhani kumfunga mtu mmoja kumemaliza jambo hili, Kwa Binzaro imemjibu. Mwaka wa 2025, zaidi ya miaka miwili tangu Mackenzie awekwe kizuizini, makaburi mengine yalifukuliwa huko Kwa Binzaro, katika eneo lilelile la Chakama, na miili zaidi ya 30 ikatolewa. Ardhi ilikuwa ileile ya mbali na macho ya watu, na watu walikuwa wamefika hapo kwa njia ileile, wakiwa wamekatwa na kwao. Miaka miwili ya hotuba, kamati na ahadi za mnara wa kumbukumbu haikutosha kuhakikisha kwamba chifu, polisi na ofisi ya watoto wanajua nani anahamia katika mashamba yale, amekuja na watoto wangapi, na watoto hao wanasoma wapi.

Kwa hiyo narudi kwenye kipimo nilichokipendekeza, na nitakijibia pingamizi la mwisho, lile la uhuru wa kuabudu. Kifungu cha 32 cha Katiba yetu kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kifungu hichohicho kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Uhuru huo unalindwa vipi ikiwa mtu hawezi kuondoka? Serikali inayomuuliza mhubiri kama waumini wake wana vitambulisho vyao mkononi, kama watoto wako shuleni, kama mgonjwa anaruhusiwa kutibiwa, na kama aliyetoka kanisani aliruhusiwa kuwaaga wenzake, haijaingilia imani hata kidogo. Haijagusa Utatu, wala ufufuo, wala siku ya kiyama. Imeulizia mlango tu. Kanisa, msikiti au kaya isiyo na la kuficha itajibu maswali hayo kabla ya chai kupoa, na ile inayoona maswali hayo ni mateso kwa watumishi wa Mungu ndiyo ya kwanza kutembelewa tena, pamoja na afisa wa afya na afisa wa watoto, asubuhi, bila kusubiri maiti.

Nawe msikilizaji, una sehemu yako. Jamaa yako akihamia mahali kwa ajili ya imani, usimkatie simu hata kama mlikosana, hata kama alikutukana kabla ya kuondoka. Mwambie kwamba chumba chake kipo. Usimwekee sharti la kukiri kwamba alikosea kabla hajarudi, maana wengi hushindwa kurudi kwa sababu ya aibu hiyo. Na ikiwa unajua mtoto aliyeachishwa shule au kunyimwa dawa au chakula kwa jina la Mungu yeyote, mwambie chifu, mwambie afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, na wasipokusikiliza rudi tena kesho ukiwa na shahidi. Nambari ya kuwasaidia watoto nchini Kenya ni 116. Haitozwi pesa. Ipige leo, usingoje mpaka uwe na hakika.